Serikali Mbili, Firigisi Moja

Jumatatu, 5 Mei 2025

Shajara yangu, salamu katika jina la Bwana. U mzima? Siku nyingi sijakufungua. Mimi mzima, ila goti. Hoteli yangu pia nzima, hapa nyuma ya soko la Kakamega, na yote ni kwa sababu ya mpishi wangu Mwanahawa, Mtanzania wa Pangani. Pilau yake ni nusu tu ya siri. Nusu nyingine ni Kiswahili chake. Anawaambia watu wa bodaboda, "Samahani baba, nikuongezee mchuzi?" Hakuna aliyewahi kuwaomba samahani hapa mjini. Sasa wanavuanga helmeti mlangoni kama wako kanisani.

Hana kibali cha kazi. Jambo hilo nilimwachia Mungu.

Leo amekuja Oliver, afisa wa leseni wa kaunti. Amesikia nimeajiri mgeni. Najua mdomo uliomwambia: Phanuel, mwenye hoteli ng'ambo ya barabara, ambaye tunaimba naye kwaya moja. Nikamwambia Oliver kwa upole kwamba wageni ni kazi ya serikali kuu, kaunti isijisumbue. Akakuna kichwa. Akaenda. Haleluya.

Jumatano, 7 Mei

Amekuja Emily wa uhamiaji. Huyo ndiye serikali kuu yenyewe. Nikamsukuma Mwanahawa stoo, akakaa juu ya gunia la maharagwe. Nikamwambia Emily kwamba hoteli ziligatuliwa, jikoni ni mali ya kaunti, asiingie bila Oliver. Akasema basi atakuja naye. Nikasema karibuni, Ijumaa, saa ya chakula. Moyoni nacheka. Nani amewahi kuona serikali mbili zikitembea pamoja?

Alhamisi, 8 Mei

Wanakuja kweli, wote wawili. Rosebella wa duka la simu amewasikia wakipanga.

Nimeomba sana, na nimepata njia. Nitachinja kuku mmoja tu. Kila mtu wa huku anajua firigisi ni ya mgeni aliye mkubwa kuliko wote mezani. Kuku mmoja, firigisi moja, serikali mbili. Watagombana mpaka wasahau kilichowaleta. Nimemwagiza Mwanahawa apike, kisha ajifiche stoo, asitoke hata paa likianguka. Akasema, "Sawa mama, nimekusikia." Adabu yake itamfikisha mbinguni.

Ijumaa, 9 Mei

Mwanzo ulikuwa mtamu. Oliver akasema firigisi ni yake, kwa vile leseni ya hapa ni ya kaunti. Emily akasema kaunti ni mtoto, na mtoto hanawi kabla ya mzazi. Oliver akamkumbusha kwamba kwa desturi mwanamke hali firigisi. Emily akamjibu, "Bwana Oliver, mimi hapa si mwanamke, mimi ni Jamhuri." Shikanga wa bodaboda akadakia kutoka pembeni kwamba wamwulize kuku, ametoka Malava, huenda ana serikali yake. Mimi nyuma ya kaunta namsifu Bwana kimoyomoyo.

Kisha wakafunua bakuli. Wakakoroga. Wakatafuta. Firigisi hamna. Oliver akauliza kwa sauti ni nani amekula firigisi ya serikali.

Mwanahawa hawezi kuvumilia mgeni akilalamika. Akatoka stoo, mikono ameikunja kifuani. "Niwieni radhi, waheshimiwa. Nimeikata vipande vidogo vidogo, kila mmoja aonje. Kwetu Pangani ndivyo tufanyavyo."

Emily akaonja mchuzi. Oliver akaonja. Wakatazamana. Emily akasema mpishi ni wa serikali kuu. Oliver akasema jiko ni la kaunti. Shikanga akadakia tena: na aliyemwajiri bila kibali? Wakajibu kwa sauti moja: huyu ni wetu sote.

Wakalipa chakula chao, wakaniamuru. Mwanahawa asiguse sufuria mpaka nimpatie kibali, na leseni yangu itangoja kibali hicho.

Jumanne, 13 Mei

Napika mwenyewe. Shikanga amesema obusuma wangu, ugali wetu wa huku, unatosha kuziba shimo barabarani. Wateja wako kwa Phanuel. Na huyo Phanuel amemtumia Mwanahawa ujumbe kwamba kwake kuna kazi na hakuna maswali. Nimefunga na kuomba, chozi likanitoka. Jioni Mwanahawa akaja kunisalimia. Amemjibu Phanuel kwamba yeye tayari ana mama. Nikalia tena, safari hii vizuri. Kesho tutaenda naye kwa Emily, mchana kweupe.

Jumamosi, 28 Juni

Kibali kimetoka. Mwanahawa yuko jikoni, helmeti ziko mlangoni. Oliver na Emily wamekula meza moja. Hata Phanuel ametuma mtu amnunulie pilau, afunike na gazeti. Kesho nitatoa ushuhuda kanisani kwamba njia iliyonyooka ndiyo fupi.

Na sasa nina Wasswa, Mganda wa Jinja, bingwa wa kukaanga samaki. Ameanza leo. Kibali hana, ila nimemfundisha kusema ni binamu yangu wa Malava. Kosa langu la kwanza nimelijua: uchoyo. Kuku mmoja kwa serikali mbili, kweli? Safari hii nitachinja wawili.

Shajara, najua hujawahi kumjibu mtu. Lakini nishauri: hizo firigisi nizikate au niziache nzima? Naomba unijibu upesi, maana Emily amesema atapita Jumatatu.