Mfuko Mtupu Kwenye Lango la Msitu

Jumatatu, 3 Juni

Binti yangu amepata nafasi! Tumbo hili hili ndilo lililombeba! Jumamosi anaongoza safari yake ya kwanza msituni. Wasafiri ni sisi wanawake wanane wa chumba cha ushonaji. Wala si safari ya ovyo. Basi la abiria mpaka mwisho wa lami, kisha saa nzima kwa miguu. Hakuna kuchuma ua. Hakuna redio. Kila mtu abebe taka zake mwenyewe, na zitakaguliwa langoni tukitoka. Bwana msitu, yule msimamizi wa lango, akiridhika, binti anapata kibali cha kupeleka wageni msimu mzima. Asiporidhika, mtoto anarudi duka la simu, kusimama tangu asubuhi hadi miguu ivimbe. Miaka miwili ameisubiri siku hii.

Alikuwa bado anaeleza habari za ukaguzi, lakini mimi nilishafika kwa jirani kutangaza. Nusu niliyoisikia inatosha. Darasa la saba nilimaliza, sihitaji kutafuniwa. Mwenye taka chache ndiye bora, basi.

Jumanne, 4 Juni

Mama Pacha ana wivu. Yeye ana wawili, mimi nina mmoja, lakini mmoja wangu anaongoza watu! Leo, cherehani yake ubavuni mwa yangu, akatangaza kwamba atakwenda na mayai mawili tu na maji kwenye chupa ya bati. Akaniuliza kama mimi nitaweza, maana mashavu yangu yanaonyesha napenda vitafunio. Nikamjibu kwamba mama wa kiongozi hapewi mfano, yeye ndiye mfano. Chumba kizima kikacheka. Nadhani walimcheka yeye.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata mpango! Nitakula kama mtu mwenye heshima zake, halafu nitoke na mfuko mtupu. Siri yenyewe ni kijiko kikubwa cha kupakulia. Nitachimba, nitafukia. Ardhi iliumbwa kwa nini?

Binti alinikuta nikikitia mkobani, akauliza ni cha nini. Nikamwambia safari ina mambo. Akashusha pumzi. Mtoto huyu ana mawazo mengi, kamrithi baba yake.

Jumamosi, 8 Juni

Viatu bado viko miguuni, lakini naandika.

Asubuhi langoni Bwana msitu, mtu wa mvi na buti zinazong'aa, akatoa daftari. Akamwuliza kila mmoja amebeba nini. Mikoba hakuipekua, alisema watu wazima anawaamini. Mama Pacha akasema mayai mawili, kwa unyenyekevu ule wa kutaka aonekane. Zamu yangu ikafika. Nilikuwa na pakiti nne za biskuti. Lakini watu wote masikio yamesimama, mama wa kiongozi aseme nne, kama anakwenda kumwona mgonjwa? Nikasema kumi. Akaandika. Binti akanitazama.

Msitu mzuri, sikatai. Wenzangu walisimama kusikiliza ndege. Mimi nilikuwa kazini. Kila tukipumzika nabaki nyuma, nasingizia kiatu, nakula, nafukia chini ya gogo lililo karibu. Hadi mchana zote nne ziko ardhini.

Tukarudi langoni. Mama Pacha na maganda yake kwenye kitambaa. Nikampita kifua mbele, nikautikisa mfuko wangu mtupu mbele ya Bwana msitu. Nikangoja sifa. Akafungua daftari, akasema ziliingia pakiti kumi, ziko wapi?

Kumbe! Kilichoingia ndicho kitoke! Hiyo ndiyo nusu ambayo sikuisubiri. Mfuko mtupu si ushindi, ni ushahidi! Akamgeukia binti, akamwambia kwa upole kwamba pakiti zisipoonekana hakuna kibali. Binti hakunifokea. Afadhali angefoka. Alisema "Mama" tu, mdomo ukimcheza.

Nikasema zimefukiwa chini ya magogo, nikarudi msituni mbio, kwa magoti haya! Nani akanifuata? Mama Pacha. Akasema mtoto wa mwenzio ni wako, nionyeshe hayo magogo. Tukafukua nne. Akauliza zile sita. Nikasema tutafute. Maskini, akatafuta kweli! Akatambaa chini ya vichaka akiguna kwamba pakiti kumi kwa tumbo moja, mwenzetu wewe ni mtu au ghala? Nimwambie sita hazijazaliwa? Bora siafu wanile. Lakini Mungu hamtupi mja wake, wageni wa zamani walikuwa wachafu. Tukaokota pakiti sita kuukuu, pamoja na chupa tatu na soli ya kiatu.

Nikazimwaga mezani. Kumi kamili! Bwana msitu akavaa miwani. Mbili, akasema, zilipitwa na tarehe miaka sita iliyopita. Akauliza kama nilizila leo. Nikasema ndiyo, na zilikuwa tamu. Akainua nyingine, akauliza kama na hii ya sabuni niliila. Nikasema hiyo niliionja tu.

Hapo binti akasogea mbele. Akasema mama alikuwa na nne, alimwona akizifunga. Akasema alizifukia kwa sababu yeye, kiongozi, hakuhakikisha kila mtu ameelewa. Zote nne zimetoka, na zilizobaki si zetu. Mbele za watu! Bwana msitu akalitazama lundo lile, akafunga daftari, akasema jibu litakuja.

Jumatano, 12 Juni

Kibali kimetoka! Msimu mzima! Barua inasema kiongozi ni mkweli, na kwamba kikundi chake ndicho cha kwanza kutoa taka nyingi kuliko kilizoingiza. Nimewasomea chumbani mara tatu. Pale pa ukweli nilisoma haraka haraka. Pale pa taka polepole. Maana nani alileta ushindi huo? Binti ameniomba, kwa adabu zote, nisiende tena mpaka nikae chini nielezwe kila kitu hadi mwisho. Nikamwambia sawa, mwanangu. Anaona haya kunishukuru.

Jumamosi anapeleka walimu. Hapo roho yangu haitulii. Vichaka tumeshavisafisha sisi, hao walimu watatoa nini? Watatoka na kile kile walichoingia nacho, sifa ya mtoto ishuke! Mama mzazi nikae natazama? Ijumaa natangulia na gunia la pakiti tupu, nizitawanye kando ya njia, mahali pa wazi, walimu wasihangaike kuinama sana. Pikapu nimeshakodi. Nikipanda basi na gunia la uchafu, watu watasema sijui kutunza mazingira.