Mama Aliyeshindwa Kuthibitisha Kuwa ni Mama

Kwa Mama Mzazi,
Mwenye Nyumba na Msimamizi wa Mlango wa Mbele.

Shikamoo Mama,

YAH: MWENENDO WAKO MLANGONI

Natumaini hujambo na goti linaendelea vizuri. Mimi mzima wa mwili, ila moyo haujatulia, na kwa kuwa nilipokupigia simu ulicheka, nimeona malalamiko yangu niyaweke kwenye maandishi.

Huwa unawaambia watu kwamba mwanao anatengeneza kompyuta. Sitengenezi. Mimi ni mhandisi wa programu, na kazi yangu ni kuhakikisha kwamba mtu anayetaka kuingia kwenye akaunti yake ni yeye kweli. Kwa miaka tisa nimewazuia maelfu ya watu wasiingie, na baadhi yao walikuwa wezi. Mwezi uliopita, kwa mapenzi ya mtoto kwa mzazi, nilikufungia mlangoni kufuli ya kisasa, inayofunguka kwa kubonyeza neno la siri badala ya ufunguo. Yaliyofuata ni haya:

1. Hujaacha utaratibu wa zamani. Mtu anapiga hodi, unauliza ni nani, anajibu kuwa ni yeye, unamkaribisha. Niliwaeleza wenzangu kazini utaratibu huu, na mmoja akaomba kutoka nje kidogo apate hewa.

2. Nilikupa nywila ya herufi kumi na nne. Uliiandika kwa chaki kwenye fremu ya mlango, kwa herufi kubwa, ukisingizia macho. Nilipokukataza ukaifunika kwa kalenda. Sasa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara anaijua kuliko mimi, na wageni wako wakikosea kubonyeza anawasahihisha kwa sauti bila hata kusimamisha cherehani.

3. Kila anayefungua mlango kwa nje lazima aingize na namba ya uthibitisho, ambayo hutumwa kwenye simu yako. Wewe ulikwenda dukani ukaiacha simu mezani, ndani, ikichajiwa. Namba zilifika salama salimini. Fundi anasema mlio ulisikika hadi kwake. Kwa maana hiyo mfumo ulifanya kazi barabara. Mvua iliyokunyeshea si sehemu ya mfumo.

4. Hili ndilo linaloniuma. Fundi alikuweka kwenye benchi lake, akanipigia simu. Nilikuwa mbele ya wakurugenzi nikieleza jinsi mifumo yetu isivyomwacha nje mtu anayestahili kuwa ndani. Nikatoka ukumbini, na kwa mujibu wa kanuni nikakutaka uthibitishe kuwa wewe ni mama yangu. Ulitaja uzito niliozaliwa nao, kovu la kisogoni na jinsi nilivyolipata, na darasa nililokuwemo nilipoacha kukojoa kitandani, yote hayo mbele ya wateja wa fundi, simu ikiwa kwenye spika. Taarifa hizo zilikuwa sahihi, Mama, lakini hazikuwa kwenye faili. Ndipo nikakuuliza swali la usalama lililosajiliwa: mtoto wako kipenzi ni nani? Ukamtaja Mziwanda. Jibu lililosajiliwa ni mimi. Nililijaza mwenyewe ili kukupunguzia usumbufu. Mfumo ukakukataa. Nasema kweli, nilikuwa na uwezo wa kukufungulia palepale nilipokuwa, kwa kidole kimoja kwenye simu yangu. Sikufanya hivyo, kwa sababu jibu lile lilinichoma.

5. Mziwanda, huyo mdogo wangu wa mwisho asiye na akaunti wala nywila, akafika na begi lake begani, akang'oa kioo cha dirisha la jikoni kwa kijiko, akaingia, akakufungulia mlango kwa ndani. Kwa watu wa kazi yangu huo ni uvamizi. Wewe ukamchemshia chai.

Kwa hiyo naomba Mziwanda asimamishwe kuwa mwanao kwa siku thelathini kupisha uchunguzi. Naomba usimwite mtu yeyote "mwanangu" kabla hajaonyesha vitambulisho viwili, kimoja kiwe na picha. Naomba na wewe ujaze upya fomu ya umama, uambatanishe barua ya mtu aliyekuwepo nilipozaliwa, na mtu huyo asiwe wewe. Mwisho, naomba ubadilishe jibu lililomo moyoni mwako lilingane na lililomo kwenye mfumo, maana kulibadilisha la kwenye mfumo ni kazi kubwa mno.

Wasalimie wote waliosajiliwa. Msalimie fundi, umwombe afute ile chaki. Mziwanda usimsalimie, au msalimie kidogo tu.

Ni mimi mwanao wa kwanza (imethibitishwa),
Mhandisi Mkuu, Kitengo cha Utambulisho.

Tanbihi: Barua hii nimeileta mwenyewe leo mchana. Jana niliibadilisha nywila kwa ajili ya usalama, na leo nimeisahau. Simu yangu nayo imeisha chaji. Nilikuwa nimesimama nje na bahasha, sijapiga hodi, sijasema neno, mara nikasikia ukiniita kutoka jikoni kwa jina langu la utotoni, ukaja kunifungulia na mikono imejaa unga. Nilikuuliza umenijuaje. Ukasema nimejikwaa kwenye ngazi ya pili, kama ninavyojikwaa tangu nina miaka minne. Nikakuuliza tena lile swali la usalama, safari hii bila faili. Ukasema kipenzi chako ni yule ambaye bado yuko nje, na siku ile ya mvua Mziwanda alikuwa njiani. Jibu la namna hiyo halisajiliki kwenye mfumo wowote, Mama, linabadilika kila saa. Haya ninayaandikia mezani kwako, na bisibisi ya kuing'olea kufuli nimeshaiomba kwa fundi. Simu yako imelia sasa hivi, namba ya uthibitisho imeingia, kuna mtu anabonyeza mlangoni. Sijauliza ni nani. Naenda kumfungulia.