Kabureta ya Midomo Miwili na Harusi ya Fortunatus

Leo nimefedheheka. Si ile fedheha ya kujikwaa barabarani ukajifanya ulikuwa unakimbia, hapana. Hii ni ya kanisa zima, kwaya nzima na mgambo watatu. Lugano, Ambakisye, nawaandikia jioni hii hii kabla madereva wa malori hawajawaletea habari huko Mbeya, maana wakifika wao kwanza mtaambiwa nimefungwa.

Mnakijua kigari changu. Kile cha milango miwili nilichoachiwa na mwalimu mzungu aliyerudi kwao, mkasema ni sanduku la viatu lenye magurudumu. Tangu nihamishiwe Sumbawanga kwenye ukarani kimenitumikia bila makuu. Kasoro yake ilikuwa moja: kwenye kilima kilipumua kama mtu wa pumu. Akina mama wenye kuni kichwani walikuwa wananipita huku wakinisalimia. (Mmoja alinipita, akanisubiri juu, akaniuliza kama nahitaji msaada.)

Mwezi uliopita mfanyabiashara mmoja wa kwetu, anayekwenda Tunduma na kurudi, akaniletea kabureta, kile kifaa cha kuchanganyia petroli na hewa. Haikuwa ya gari langu. Ilikuwa ya gari kubwa zaidi, ina midomo miwili ya kuvutia hewa wakati yangu ina mmoja. "Ukiifunga hii," akasema, "vilima utaviona tambarare." Nikampa gunia la mchele wa Kyela alilonitumia mama. Mama asiambiwe.

Sasa, ofisini kuna mwenzangu anaitwa Fortunatus. Mfipa, mpole, mtu wa kukunja karatasi mara mbili kabla ya kuitupa. Leo ilikuwa siku yake ya kumwoa Anastazia, muuguzi wa wodi ya wazazi. Alikuwa anatafuta gari la kumtoa bibi harusi kwao Malangali hadi kanisani. La serikali haliruhusiwi. La parokia liko juu ya mawe, linasubiri vipuri. Nami nikasimama mbele ya ofisi nzima nikasema: "Fortunatus, lala usingizi. Bibi harusi wako atakuja kama waziri!"

Mdomo wangu huu!

Jana baada ya kazi nikafungua boneti. Fundi Kasiano, ambaye hutengeneza magari karibu na soko na kuimba besi katika kwaya ya parokia, alikuwa anapita akasimama.

"Ndugu Asajile, hiyo ilipimwa kwa magari ya huko chini," akasema. "Huku juu kwetu hewa ni nyepesi. Itamwaga petroli nyingi kuliko hewa inayovuta. Halafu matundu ya boliti hayakutani."

"Yatakutana."

"Na springi ya kupunguza mafuta ukiinua mguu, iko wapi?"

"Ipo." (Haikuwepo.)

"Kesho si unambeba bibi harusi? Acha ile ya zamani. Hii tuijaribu Jumatatu, mimi na wewe, bila abiria."

Nikamjibu kwa heshima kwamba nimesoma kitabu. (Nilisoma kurasa nne. Ya tano ilikuwa imechanwa na mtu aliyehitaji karatasi.)

Matundu yalikataa kabisa kukutana. Nikakata kifuniko cha sufuria kuwa bamba la kuyaunganisha. Gasketi ya kuziba mwanya nikaikata kwenye jalada gumu la ofisi. Springi nikaitengeneza kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kama wa manati. Nikawasha. Wapendwa, kule kunguruma! Majirani walitoka nje. Nikachukua bisibisi nikaanza kupima. Skrubu nikiizungusha kushoto, injini inalia. Kulia, inazimika. Katikati, inatetemeka kama mtu mwenye homa. Nikaiacha hapo kwenye homa. Nikajiambia zile ni nguvu zinatafuta pa kutokea.

Asubuhi ya leo baridi ilikuwa ya kukata masikio, na upepo wetu ule wa Ufipa usiojua harusi wala msiba. Gari likakataa kuwaka. Nikaita majirani, wakasukuma. Wakasukuma tena. Tulipofika karibu na kisima likawaka kwa kishindo, likatoa moshi mweusi ambao ulitua wote juu ya mashuka ya mke wa mwalimu mkuu. Sikusimama kuomba radhi. Nilikuwa nimeapa: gari hili silizimi tena mpaka bibi harusi ashuke. Kiapo hicho kikanikaa kichwani peke yake, mambo mengine yote yakahama.

Saa tatu na nusu nilikuwa Malangali. Baba yake Anastazia, Mzee Simoni, amevaa koti jeusi na kofia. Akalizunguka gari polepole.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hutetemeka hivi siku zote?"

"Linapasha moto, baba."

"Mm," akasema. Akaketi mbele, kofia magotini. Nyuma akaketi Anastazia na shela lake, pamoja na shangazi yake Yustina, mama mnene mwenye rozari mkononi. Mzee Simoni akanikumbusha jambo ambalo kila mtu mjini alikuwa analijua: ndoa ni saa nne kamili. Saa tano Padri anapanda pikipiki kwenda Milepa, hatarudi mpaka wiki mbili zipite. Wageni wametoka mbali, wengine Kipili ziwani. Pombe ya ulezi imeshaiva, nayo haijui kungoja.

Tukaondoka. Na niseme ukweli, kwa dakika kumi nilikuwa mfalme. Kilima cha kwanza tulikipanda kama tunateremka! Tuliwapita akina mama wa kuni! Nikawapungia mkono! Mzee Simoni akavaa kofia ili aishike vizuri.

Tulipokaribia kanisa nikainua mguu kwenye pedeli ya mafuta.

Mguu uliinuka. Gari halikuwa na habari.

Nikainua zaidi. Nikainua na goti. Injini inaunguruma vilevile. Ule mpira wa tyubu, kwa joto na kwa petroli iliyokuwa inadondoka juu yake, ulikuwa umelainika kama ugali wa mgonjwa. Nikakanyaga breki, gari likasitasita, likaendelea. Nikakanyaga klachi, injini ikapiga yowe hata shangazi Yustina akaruka makumi mawili ya rozari. Nikaachia haraka. Tukaingia uwanja wa kanisa kwa mwendo ambao si wa bibi harusi.

Uwanja wa kanisa letu una njia inayozunguka bustani ya maua. Watu wamejipanga pande zote mbili. Fortunatus amesimama mlangoni kwa suti ya kuazima, mkono ameshaunyoosha kufungua mlango wa gari. Nikampita.

Vigelegele! Makofi! Walidhani ni madoido. Kwaya ikapaza sauti. Nikatabasamu na kupunga mkono (ningefanya nini?) na kuzunguka maua.

Mara ya pili nilipofika mlangoni Fortunatus akanyoosha tena mkono. Nikampita tena. Kwaya ikarudia wimbo kutoka ubeti wa kwanza. Fundi Kasiano, aliyekuwa mstari wa nyuma, alikuwa haimbi. Alikuwa ananitazama.

Hapo ndipo petroli iliyozidi ikaanza kulipuka kwenye bomba la moshi. Pa! Mgambo watatu waliokuwa wanalinda baiskeli za wageni wakalala kifudifudi, kama walivyofundishwa. Pa! Wageni wa Kipili wakalala pia, ingawa hawakufundishwa. Moshi mweusi ukaifunika kwaya, nikasikia sauti ya kwanza inakohoa, kisha ya pili, kisha besi.

Mara ya tatu hapakuwa na vigelegele. Kisha mama mmoja wa upande wa bwana harusi akapiga kelele:

"Jamani, anamtorosha! Huyu mtu wa Mbeya anamtorosha!"

Fortunatus, yule mpole, akavua koti akaanza kukimbia. Akafika dirishani kwangu. Machozi yanamlenga.

"Asajile, ndugu yangu! Nimekukosea nini?"

"Springi!" nikamwambia.

"Springi gani?"

"Ya kabureta!"

"Nani anaitwa Kabureta?" akauliza, nami nikakata kona nikamwacha nyuma.

Mzee Simoni akaishika kofia kwa mikono miwili. Kisha akaigeuza shingo yake taratibu. "Kijana," akasema, "tunakwenda wapi?"

"Kanisani, baba."

"Tumeshafika mara tatu."

Nyuma, Anastazia akajisogeza mbele kati ya viti. Kumbukeni kazi yake. Huyu kila siku yuko na watu wanaopiga mayowe, na yeye hapigi.

"Ndugu Asajile," akasema, "huo ufunguo unaoning'inia hapo, kazi yake nini?"

"Kuzima. Lakini nikilizima haliwaki tena!"

"Liwake liende wapi? Mimi naolewa hapa."

Akapenyeza mkono wenye glovu nyeupe, akazungusha ufunguo.

Kimya. Jamani, kile kimya! Gari likateleza lenyewe bila sauti, likaruka kijiti cha uzio, likaingia bustani ya kabichi ya masista likasimama katikati. Injini ikagonga ko, ko, ko, kama anayebisha hodi, kisha ikatoa pa! moja ya kuaga. Mgambo waliokuwa wameanza kusimama wakalala tena.

Anastazia akashuka. Akakung'uta shela. Akamwambia Fortunatus, aliyekuwa anahema ameinama, mikono magotini: "Vaa koti, Padri anaangalia saa." Wakaenda. Shangazi Yustina alishindwa kutoka kiti cha nyuma, ikabidi mgambo wavute. Mzee Simoni akanipa mkono, akasema, "Asante kwa kututembeza," akaondoka na kofia yake. Afadhali angenipiga.

Fundi Kasiano akaja, uso mweusi kwa masizi, macho tu meupe. Akafungua boneti. Kundi zima likainama naye kutazama. Akachomoa kile kipande cha mpira kwa vidole viwili, akakiinua juu kila mtu akione.

"Hii," akatangaza kwa besi yake, "ndiyo ilikuwa springi."

Mnadhani hapo ndipo niliumbuka? Hapo nilikuwa napasha moto tu.

Nikaingia kanisani nikajificha kiti cha mwisho, nanuka petroli. Mimi Mmoraviani, sijui wakati wa kupiga magoti wala wa kusimama, kwa hiyo kila walipokaa mimi nilikuwa juu kama mnara. Nikavumilia. Mambo yakatulia. Fortunatus akaacha kuhema. Nikaanza hata kupata amani ya moyo. Ndipo Padri akasema, kwa sauti ile yao ya upole:

"Kama yupo mtu anayejua kizuizi chochote cha ndoa hii, na aseme sasa."

Kanisa zima likageuka kunitazama mimi.

Wote! Wazee, watoto, kwaya yenye masizi, masista wa kabichi. Bibi mmoja akavaa miwani kabisa ili anione vizuri. Mgambo mmoja akainuka upande wa pili, akaja kwa vidole vya miguu, akaketi kando yangu, begani kabisa. Padri naye akasubiri. Naapa alisubiri kuliko kawaida.

Nikatikisa kichwa. Haikutosha, waliendelea kunitazama. Ikabidi nisimame niseme kwa sauti:

"Sina kizuizi, Padri."

"Asante, ndugu," akasema Padri. "Kaa." Kisha akageukia madhabahu haraka, na mabega yake yakawa yanatikisika. Nilipoyaona mabega ya Padri nilijua heshima yangu katika mji huu imeshakwisha.

Ndoa ikafungwa, saa tano kasoro robo. Maharusi hawakukosa usafiri: trekta la kijiji cha ujamaa lilikuwa limeleta wageni, basi wakapandishwa kwenye trela lake pamoja na watu arobaini, wakaenda Malangali wanaimba. Anastazia amesimama mbele kama nahodha, shela linapepea hadi usoni kwa dereva. Fortunatus aliponiona nimesimama kando ya barabara alinipungia mkono. Amenisamehe, nadhani. Ila kwa mkono wa pili alikuwa amemshika mkewe kiunoni, kwa nguvu sana, mpaka trekta lilipokata kona.

Gari bado liko kwenye kabichi. Fundi Kasiano atakuja nalo Jumatatu, na amesema mimi nisiguse kitu, nishike tochi tu, tena mchana.

Kwa hiyo ndugu zangu, msinicheke. Au mkishindwa, chekeni huko huko Mbeya, kwa kuwa hapa Sumbawanga foleni ya kunicheka imeshapita ya sukari.