Uzinduzi wa Kipimo cha Elektroni za Angani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe; Mheshimiwa Naibu wangu, anayeniwakilisha mahali nisipokuwepo, na leo nipo; Mwenyekiti wa Kamati, Katibu wa Kamati, wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kamati; wadau wote wa anga; mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi hafifu.)

Nasimama kifua mbele kuwaarifu kwamba, tangu nishike wadhifa huu, elektroni zinazotoka mbali huko kwenye nyota na kuingia anga letu bila kibali zimepungua kwa asilimia thelathini na nane nukta nne, mafanikio yaliyotokana na stratejia shirikishi, uratibu mtambuka na, nisijisifu sana, usimamizi wangu. (Makofi. Mtu anakohoa.)

Naona mtaalamu wetu wa anga, mama yangu yule wa nyuma, amenyoosha mkono. Sema, mama. (“Mheshimiwa, zimezuiwa na jua. Jua likichachamaa, usumaku wake unazisukuma nyuma, likipoa, zinarudi. Ndiyo maana tuliomba kipimo, tuzihesabu zikianza kurudi.”) Ahsante. Jua nalo ni mdau, na tutalitunuku cheti cha ushiriki. (Kicheko.)

Barua ya mama huyu niliisoma mwenyewe, na naomba niinukuu: “Tunaomba kipimo haraka, kwani shughuli za jua ziko kileleni na mwakani zitaanza kupungua, kilele kingine ni baada ya miaka kumi na mmoja, nami nastaafu baada ya miwili.” Ofisi yangu haikulala. Shughuli ya juani inataka kivuli, hivyo ndani ya siku tisa tukaleta mahema kumi na mawili, viti mia sita na vipaza sauti. (“Mheshimiwa, niliandika shughuli za jua, siyo shughuli ya juani.”) Mama, shughuli ni shughuli, na hii imefana.

Kipimo chenyewe kiko kwenye upembuzi yakinifu, utakaokamilika baada ya miaka kumi na mmoja, ili tuende sambamba na ratiba ya jua. Haraka haraka haina baraka.

Elektroni! (“Zihesabiwe!”) Anga letu! (“Jukumu letu!”)

Mwisho, nawashukuru mafundi wa mahema, na nakushukuru wewe, mama, kwa kuomba mapema. Lile sanduku la huko nyuma lililofunikwa kitambaa, mnalodhani ni kipimo, lina vikombe vya chai. Mama, kwa kuwa umekaa karibu nalo, tusaidie kugawa.