Malalamiko Dhidi ya Pakiti ya Kijani Inayonizuia Kuoa

Maabara ya Diski,
Hsinchu.

Mheshimiwa Mkurugenzi Hsieh,

Kwa heshima na taadhima, mimi Chiu Yung-chi, mhandisi wa programu inayoendesha diski, naleta malalamiko rasmi dhidi ya pakiti ya bisi. Namaanisha ile ya kijani, ya ladha ya nazi, iliyowekwa juu ya kompyuta yetu ya majaribio ili mashine iwe na adabu, kama wanavyoamini wote hapa. Imeninyang'anya sifa zangu, na sasa inataka kunivunjia harusi. Ninaoa Jumamosi hii, mjini Tainan.

1. Ugonjwa wenyewe unaukumbuka. Ukifunga kifuniko, kompyuta inalala. Ukikifungua, inazinduka lakini diski haijibu, na kazi yote uliyoiacha imekwenda na maji. Nimeiwinda kasoro hiyo tangu sikukuu ya keki za mwezi. Ina hila: nikiiamuru mashine iandike kila hatua inayopiga, diski inaamka vizuri kabisa, nikiacha kuiandikisha, inazimia tena. Hatimaye niliikamata. Programu yetu ilikuwa inaikatia diski umeme kabla haijamaliza kuhifadhi ilichokishika. Nikaifundisha kusubiri. Kusubiri tu, Mheshimiwa, jambo ambalo hata mimi nimelifundishwa na kampuni hii.

2. Asubuhi ileile niliyoweka marekebisho, Dada Mei-chu wa mapokezi alibadilisha pakiti iliyopitwa na tarehe. Mashine ikalala, ikaamka, ikalala, ikaamka. Chumba kizima kikapiga makofi, kikiitazama pakiti. "Si niliwaambia?" akasema Dada Mei-chu. "Ile ya zamani ilishaharibika, ingefanya kazi gani?" Mimi nilikuwa nimesimama palepale na bakuli langu la tambi. Niliumia sana.

3. Msimamizi wangu, Kaka Kuo, aliniahidi likizo siku kasoro itakapokwisha. Nilipomkumbusha akanijibu, "Likizo ya nini, bwana harusi? Aliyetengeneza ni pakiti. Kasoro yako bado imo humo humo. Tafuta!" Tangu hapo natafuta kitu nilichokwisha kukiondoa.

4. Mchumba wangu Pei-shan amepiga simu, nami nikamweleza ukweli wote. Akasema, "Yaani nimwambie mama umezuiwa na bisi? Yung-chi, sema tu kama hunitaki." Namtaka, Mheshimiwa. Namtaka kuliko diski zote duniani.

Kwa hiyo naomba pakiti iondolewe mbele ya wafanyakazi wote, mashine ilazwe na kuamshwa bila msaada wake, pakiti ipewe barua ya onyo, na isikanyage kwenye karamu ya mwisho wa mwaka, ambako nasikia imetengewa kiti. Sisi ni watu wa sayansi. Kwa nini lifti yetu haina namba nne, eti kwa kuwa inatamkwa kama kifo, hilo nitaliandikia barua nyingine.

Unisalimie Mama nyumbani, mlinzi wa geti, na wote waliopanga matunda na ubani mlangoni wiki jana ili biashara iende vizuri.

Wako mtiifu, na mume wa mtu akipewa ruhusa,
Chiu Yung-chi

Tanbihi: Ili nisikusumbue, jaribio nimelifanya mwenyewe. Nimeifungua pakiti mbele ya watu, nikaila yote, nikafunga kifuniko. Mashine imelala. Haijaamka. Wateja wanakuja Jumatatu na Kaka Kuo amekaa chini sakafuni. Tafadhali usisome yaliyo hapo juu. Dada Mei-chu amezunguka maduka yote ya jirani. Zimebaki za njano, na kila mtu hapa anajua taa ya njano kwenye mashine huleta habari gani. Nimewaambia za kijani zipo Tainan, wameniamini. Kaka Kuo amenisukuma mlangoni: "Nenda, na usirudi bila hiyo!" Naondoka na treni ya sasa hivi. Nimeshavaa suti.