Kambare Ndani ya Bomba la Moshi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kulesa. Nimeamka hai. Sikutarajia, lakini chai ilikuwa tayari, na kufa chai ikiwa mezani ni utovu wa adabu.

Kifua kimeshanipa notisi. Miguu ilitoa yake zamani. Kwa hiyo naandika ukweli mapema, vidole vikiwa bado vinashika kalamu, ili siku nitakapozikwa asitokee mtu wa kulilaumu jiko la Christabel. Jiko halina hatia. Mwenye hatia ni mimi, mwalimu mstaafu wa jiografia, ninayetaka kula kambare wa kukaushwa kwa moshi kabla sijafa. Ungamo langu ni hilo. Yanayofuata ni maelezo tu.

Christabel ni mke wa mwanangu Oliver, anayefanya kazi Mombasa na kuonekana Krismasi. Jiko alilijenga mwenyewe kwa mikono yake. Matofali, udongo wa mtoni, mlango wa chuma wa kutilia kuni, kilango kidogo cha hewa chini yake, na bomba la bati linalopanda hadi juu ya paa la jikoni. Moshi wote unatoka nje. Wote! Unaweza kusoma gazeti jikoni huku maharagwe yakichemka. Nimeishi miaka themanini na mbili, nimeuona mto Tana ukihama njia yake, lakini jambo kama hilo sijawahi kuliona.

Taabu ni uchaga. Juu ya mafiga ya zamani kulikuwa na uchaga wa miti, na mama yangu aliweka hapo mbegu za mahindi na samaki. Moshi ulifanya kazi bila kuagizwa. Kambare alikaa huko juu mpaka akawa mweusi kama kiatu cha mkaguzi wa shule, na siku ya kuliwa tulikula kimya. Sasa uchaga upo, moshi haupo. Samaki akiwekwa pale anaoza huku anatutazama.

Binti yangu Valary, muuguzi, anakuja Jumapili kutoka Malindi. Ameshasema akinikuta nakohoa tena atanichukua nikaishi kwake, orofa ya tatu, kwenye jiko la gesi. Nikae juu ya vichwa vya watu kama tangi la maji. Nife huko, nirudishwe Kulesa nimelala. Christabel alimjibu kwamba jiko hili alilijenga kwa sababu hiyo hiyo, Baba abaki nyumbani kwake. Valary akasema atakuja kujionea.

Basi: nipate moshi, nisikohoe. Msomi hashindwi na hilo.

Jumanne, 5 Agosti

Kabla ya kwenda shambani Christabel alinisomea sheria zake, kama kawaida. Kuni kavu tu, zilizopasuliwa nyembamba. Mdomo wa jiko usijazwe. Mafuta ya taa yasikaribie. Nguo zisianikwe kwenye bomba. Dirisha liwe wazi. Majivu yatiwe kwenye debe lenye kifuniko, si kwenye gunia, maana kaa moja huweza kujificha humo kutwa nzima. Ndoo ya mchanga isisogezwe. Nilimkumbusha kwamba nimefundisha watu ambao leo wana ofisi zao Hola. Akasema ndiyo sababu anarudia polepole.

Alipoondoka nikatia gogo bichi la mti wa mathenge. Ndani ya bomba kuna bamba dogo la kuzungusha, la kupunguza mvuto. Nikalifunga kabisa.

Moshi ulirudi jikoni. Kwa muda mfupi nilikuwa mtoto, na mama yuko karibu anapepea moto. Halafu nikakumbuka kwamba nina mapafu. Nilitoka kwa magoti. Kuku walinitangulia.

Christabel aliporudi macho yangu yalikuwa mekundu na kikohozi kilikuwa kinajieleza chenyewe. Nikamwambia ni upepo wa kusi. Msimu huu huvuma kwa nguvu na kuusukuma moshi chini, jambo linalojulikana kisayansi. Akaenda kwenye bomba, akalifungua bamba. Akauliza kama siku hizi kusi ina vidole.

Akanitilia asali kwenye chai. Mtu anakushinda halafu anakutilia asali. Utamchukiaje?

Alhamisi, 7 Agosti

Kikohozi kimetulia. Asali, au woga wa orofa ya tatu.

Bule amekuja. Ni jirani yangu, Muorma, mfugaji, na tumeshindana tangu sote tulipokuwa na meno. Sasa tunashindania magonjwa. Alisema goti lake linalia kama mlango. Nikasema moyo wangu husimama mara kwa mara. Akasema wake ulisimama wiki jana sokoni Garsen, mbele ya watu. Huyu mzee hashindiki.

Nikamweleza habari ya kambare. Yeye hali samaki, wala ukoo wake haukula. Alisema, "Mwalimu, hiyo kitu iko na ndevu kama mimi, lakini haina miguu. Nitaikula vipi?" Ila moshi anauelewa. Mkewe Gumato hufukiza vibuyu vya maziwa kwa makaa, na maziwa yasiyopitiwa na moshi Bule huyaita maji ya hospitali. Akaniuliza moshi wa jiko hili unakwenda wapi. Nikasema unapanda bombani. Akasema yeye fahali wake akitoka zizini humfuata alikokwenda, hakai zizini kulalamika.

Nina vyeti ukutani. Hakuna kilichowahi kunisaidia kiasi hicho.

Wakati huo huo Christabel alikuwa anasafisha bomba, jiko likiwa limepoa. Pale bomba linapopinda kuna kidirisha cha bati. Alikifungua, akaingiza fagio la makumbi lililofungwa kwenye fito, akasugua mpaka masizi yote yakaanguka kwenye karai. Kazi safi. Hata fundi wa saa hana mkono wa namna ile. Alitueleza kwamba masizi nayo ni kuni. Yakiachwa yagande siku moja yatawaka yenyewe huko juu. Bule aliuliza maswali mazuri. Mimi sikusikia vizuri. Nilikuwa nakipima kile kidirisha kwa macho.

Kinatosha kambare mmoja aliyepasuliwa. Barabara.

Ijumaa, 8 Agosti

Godhana, mvuvi wa Chara, ameleta kambare kwa pikipiki. Amenona ajabu, amelelewa na bwawa lililoachwa na mafuriko. Nilimpasua, nikamtia chumvi, nikamfunga waya, nikamning'iniza ndani ya bomba kupitia kidirisha. Nikawasha kwa kuni kavu, nyembamba, dirisha wazi. Nataka ijulikane kwamba nilifuata sheria zote zilizotajwa. Samaki hakutajwa.

Nikakaa kando ya jiko na gazeti langu. Moshi unampitia kambare, unatoka zake. Mimi sikohoi. Nilimwonea mama huruma kwa kukosa bomba.

Kasoro moja. Harufu nayo inatoka nje, na bomba ni refu. Kulesa nzima ilipata habari. Paka walijipanga juu ya bati kama wazee wa kanisa. Christabel akaja kuuliza napika nini. Nikasema maharagwe. Akasema maharagwe haya yana mapezi. Nikasema basi labda ni Bule, anachoma samaki kwake. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mzee akipoteza akili.

Alitazama ndani ya sufuria, kwenye uchaga, chini ya kitanda changu. Hakupata kitu. Nani atatafuta samaki ndani ya bomba alilolisafisha jana? Nusura nimwambie, ili apate kunisifu.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo nimekaribia kuchoma nyumba. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi Christabel alikuwa uani anapepeta mchele. Valary anafika kesho, na kambare bado laini. Nikaona nimharakishe. Nikajaza mdomo wa jiko mathenge makavu, nikafungua kilango cha hewa mpaka mwisho. Kumbe mafuta ya kambare yalikuwa yanachuruzika tangu jana kwenye kuta za bomba.

Kwanza ilikuja sauti. Kama lori linalopanda tuta la barabara ya Garsen. Kisha bomba likawa jekundu. Cheche zikatoka juu, na upepo wa kusi, ule niliousingizia Jumanne, ukazipeleka kwenye makuti ya nyumba ninayolala.

Nilichukua kata ya maji nilimwagie bomba. Christabel akaudaka mkono wangu hewani. Akasema chuma cha moto namna ile kikimwagiwa maji kitapasuka, na moto utatoka ututafute. Akaninyanyua mzima mzima, akanikalisha uani kando ya ungo. Akarudi. Akamwaga mchanga juu ya kuni, akafunga mlango, akafunga kilango cha hewa. Akatoka na magunia yaliyolowa, akapanda ngazi, akayatandaza juu ya makuti. Bule alifika, akaishika ngazi. Goti halikulia.

Hakukimbia. Hakupiga yowe. Moto ulipokosa hewa ulichoka, ile ngurumo ikawa pumzi tu. Nimewaona walimu wakuu wakichanganyikiwa kwa sababu ya nyuki watatu.

Bomba lilipopoa alifungua kidirisha. Kambare akatoka na waya wake. Christabel akamtazama kambare. Akanitazama mimi. Bule akawahi kusema si wake.

Christabel alicheka mpaka akashika nguzo. Halafu kicheko kikakatika. Akasema, "Baba, nilimwambia Valary kwamba hapa uko salama. Nilisema mimi, kwa mdomo wangu. Kesho akiliona bomba hili nitamwambia nini?"

Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote, na leo nilirudisha karatasi tupu.

Ungamo dogo zaidi. Alipokwenda kuchota maji nilimkwaruza kambare. Nje alikuwa mkaa. Lakini pale karibu na kichwa, kipande cha ukubwa wa kidole gumba, alikuwa tayari. Nilikula kimya.

Jumapili, 10 Agosti

Valary amekuja na begi tupu. La nguo zangu.

Aliliona bomba kabla hajaniamkia. Lilikuwa la rangi ya buluu na nyeusi, limepinda kidogo. Akauliza kulikoni. Nilikuwa nimeandaa maelezo kuhusu radi. Christabel akanitangulia, akasema yote. Samaki, mafuta, moto, ngazi. Hakuficha hata paka.

Valary akafunga mdomo kama alivyokuwa akifanya utotoni kabla ya kulia. Akaanza kukunja mashati yangu. Nilitazama mlango, na uwanja, na kaburi la mama yake pale kwenye migomba.

Christabel akamwambia, "Wifi, kabla ya shati la pili, kisikilize kifua chake."

Valary akatoa kile chombo chake cha masikioni, akakiweka mgongoni pangu. Nilipumua kama kijana anayetafuta kazi ya polisi. Alisikiliza sana. Kisha akasikiliza tena upande wa pili. Kisafi.

Ndipo Christabel akasema maneno ambayo nayaandika kwa heshima. Kwamba bomba liliwaka kama tanuri, na bado halikumwachia Baba moshi wa kumkohoza. Je, kuna jiko jingine litakalomvumilia hivyo? "Lakini ukitaka, wifi, mchukue. Ila fikiri kwanza. Huyu huyu, peke yake mchana kutwa, orofa ya tatu, na gesi."

Valary alinitazama. Alitazama bomba. Alinitazama tena, muda mrefu, na niliona anaufikiria mtungi wa gesi. Kisha akalirudisha shati la kwanza mahali pake.

Nimewekewa masharti. Kidirisha kitiwe kufuli, ufunguo ukae shingoni mwa Christabel. Nisiwashe jiko peke yangu tena. Niliapa kwa Biblia, mkono juu, Bule akiwa shahidi. Nilipokuwa naapa nilitokwa na machozi, na hayakuwa ya moshi.

Jumanne, 12 Agosti

Bomba jipya limewekwa. Linang'aa. Kufuli imefungwa na inatazama moja kwa moja kwenye kiti changu.

Christabel ni mtu mkubwa. Nataka liandikwe hilo kwenye jiwe langu badala ya sifa zangu. Ameliokoa paa, amemshinda Valary bila kupandisha sauti, na asubuhi ya leo chai ilikuwa na asali. Mwanamke kama huyo hadanganywi. Kiapo nitakitimiza neno kwa neno. Kidirisha sitakigusa. Jiko sitaliwasha peke yangu.

Bule amekuja mchana. Tulikaa nje, tukalisifu bomba. Akasema kule juu kabisa, chini ya kofia ya bati inayozuia mvua, kuna nafasi nzuri, na haina kufuli. Nikamkumbusha miguu yangu. Akasema goti lake lilifanya vizuri kwenye ngazi siku ya Jumamosi, na kwamba kumbeba samaki si kumla.

Kesho Christabel anakwenda shambani. Bule atakuwepo, kwa hiyo sitakuwa peke yangu. Godhana ameahidi kambare mdogo, asiye na mafuta mengi.

Narudia, kwa atakayesoma: jiko halina hatia.