Ombi la Wajawazito wa Kijifumboni Kuzalia Ndani ya Mchoro

Kituo cha Afya Kijifumboni,
Nyuma ya Ole, Pemba.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kuchagua Programu ya Kuchorea Dashibodi,
Mradi wa Maji Tutafika,
Gombani, Chake Chake.

YAH: MAJI YALIYOMO KWENYE MCHORO WENU

Mheshimiwa Mwenyekiti, mwanangu Hudhaifa,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wajumbe wako wote, na kwamba mikutano inanawiri. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, ila tunanuka kidogo.

Mimi ni Time Othman, mkunga mkuu wa kituo hiki. Nakuandikia kwa heshima zote za ofisi, nikijua fika kwamba wewe ni mwenyekiti na mimi ni mkunga tu, ingawa kofi lako la kwanza duniani lilitoka kwangu, na ulilia sana. Siku hiyo maji yalikuwepo. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Muda. Mradi wenu ulikuja na jambo jema: kutengeneza dashibodi, yaani ubao wa kwenye kompyuta wa kuonyesha tangi la kila kituo cha afya lina maji kiasi gani, ili gari la maji liende penye shida. Tulipiga vigelegele. Tukaambiwa kabla ya ubao wenyewe ni lazima uchorwe mchoro wa mifupa: visanduku, mistari na mahali pa kukaa namba, bila nyama. Haya. Tukaambiwa tena kabla ya kuchora mifupa ni lazima ichaguliwe programu ya kuchorea mifupa. Haya pia. Kamati ikaundwa kabla ya Ramadhani. Tumefunga, tumefungua, tumekula Iddi zote mbili, karafuu zimechumwa, zimeanikwa na zimekauka, na programu haijachaguliwa. Katika muda huo mimi nimezalisha watoto arubaini na mmoja, na sikumwambia hata mmoja asubiri kwanza tuteue mkasi.

2. Sababu za kuchelewa. Hizi nazijua, kwani nilialikwa mkutano wa tano kama mdau. Nilipewa beji, na nikapewa chupa ya maji, ambayo nilirudi nayo nyumbani. Programu ya kwanza mliikataa kwa sababu haifunguki bila mtandao, na mtandao wa ofisi yenu una siku zake. Ya pili mliikataa kwa sababu ni rahisi mno: kila mtu angeweza kuitumia, na Bwana Ashraf, mtaalamu wenu wa kuchora, alisema hapo utaalamu utakuwa umekwenda wapi. Ya tatu huchora visanduku vyenye pembe kali, na wajumbe wanne walitaka pembe za mviringo. Mjadala wa pembe ulikula saa mbili na sambusa zote.

Ya nne ndiyo iliyonimaliza. Hiyo huchora mistari iliyopindapinda makusudi, ili mtazamaji adhani imechorwa kwa mkono. Lahaula! Hudhaifa, mikono mnayo. Nilihesabu mwenyewe: wajumbe kumi na mmoja, mikono ishirini na miwili, na penseli mezani zimechongwa.

3. Mchoro wenyewe. Ili kamati ipate kitu cha kutazama, Bwana Ashraf alichora mfano kwa programu ya tano, ile ya majaribio, akauchapa kwenye karatasi kubwa na kuubandika ukutani. Kijifumboni tumeandikwa asilimia mia, rangi ya kijani. Mashallah, tumependeza. Siku ya pili yake mpangaji wa safari za gari la maji akapita, akautazama ukuta, akatukata kwenye orodha yake.

Kwa hiyo Mzee Talib, dereva wa gari hilo, akaanza kutupita. Siku ya tatu nilikwenda kumsimamisha barabarani kwa kanga yangu. Akateremsha kioo, akaniambia kompyuta yasema tangi letu limejaa pomoni, sasa yeye atuletee maji mengine ya nini, tufe kwa mafuriko? Nilimwomba aje achungulie kwa macho yake. Akapanda ngazi, mzee wa watu na goti lake bovu, akafunua kifuniko, akaona vumbi na mjusi. Akashuka akasema yeye binafsi amemwamini mjusi, lakini karatasi ya safari ina muhuri.

4. Marekebisho. Nilimpigia simu Bwana Ashraf. Alinijibu kwa adabu, sina la kumlaumu kwa adabu, kwamba zile ni namba za mfano, zimewekwa kushikia nafasi, na mtu mwenye akili timamu hawezi kuziamini. Nilimwomba amweleze hivyo mpangaji wa safari. Akasema mpangaji ni wa idara nyingine. Nikamwomba basi aifute ile mia. Akasema haiwezekani, kwani siku za majaribio za programu zimekwisha. Mchoro sasa unatazamika lakini haurekebishiki, mpaka kamati ichague programu. Nikamuuliza, je, kalamu? Mtu akisimama tu pale ukutani akapiga mstari? Akasema hilo litavuruga mchakato.

5. Hali halisi. Hapa nitaacha adabu kidogo, unisamehe. Jumatatu Rahila binti Khatib alijifungua kwetu mtoto wa kike. Mama yake Rahila, mtu mzima wa miaka sitini, aliteremka kisimani bondeni na kupanda na ndoo kichwani mara sita, huku bintiye akipiga kelele ndani. Mtoto nilimfuta kwa kanga yenye unyevunyevu. Mikono yangu niliinawa kwa kikombe kimoja cha chai. Mkono wa mkunga usiooshwa unaua, hilo hata kamati yako inalijua. Miaka thelathini na moja nipo kazini sijawahi kuiogopa mikono yangu mwenyewe, Jumatatu niliiogopa. Nimekasirika, Hudhaifa. Nimekasirika mpaka chakula hakipiti.

6. Ombi. Lakini mimi ni mtumishi mtiifu, sitaki kuvuruga mchakato. Kwa kuwa maji yetu yote yamo ndani ya mchoro, naomba kwa unyenyekevu wajawazito wa Kijifumboni wahamishiwe humo. Tunahitaji kisanduku kimoja tu, cha vitanda vitatu. Kuhusu pembe, sasa naungana na wale wajumbe wanne: ziwe za mviringo, kwa ajili ya vichwa vya watoto. Waume zao watasubiri kwenye ukingo wa karatasi. Mtoto atakayezaliwa humo apewe jina la kushikia nafasi, mpaka ipatikane programu ya kumwandikia jina lake halisi. Na ikitokea mzazi akatokwa na damu, nitamwambia ajitahidi iwe kidogo, isije ikaharibu rangi ya kijani.

Nakutakia mkutano wa nane wenye mafanikio na pembe za kila aina. Nisalimie mama yako, Bi Yumna, mwambie goti langu limepoa. Msalimie mkeo na watoto, wajumbe wote kumi na mmoja, Bwana Ashraf na mashine yake, na yule bibi anayewakaangia sambusa, maana katika ofisi ile ni yeye peke yake niliyemwona akianza kazi na kuimaliza.

Wako katika huduma kavu,
Time Othman Ngwali,
Mkunga Mkuu, Kijifumboni.

Tanbihi. Barua nilikwisha kuifunga, nimeifungua tena, kwani kuna neno sikulisema. Ile mia niliitoa mimi. Siku ile ya mkutano wa tano Bwana Ashraf alizunguka meza akimwomba kila mdau amtajie namba yoyote, ya kujazia tu. Bi Ummkulthum wa Kisiwa Panza, niliyesoma naye ukunga, na ambaye alinipita kwa alama mbili na tangu hapo hajachoka kunikumbusha, akataja tisini kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Sikuweza kustahamili. Nikasema mia, na rangi ya kijani ni mimi niliyeitaka. Tangi siku hiyo lilikuwa robo. Kijana wa watu aliandika alichoambiwa. Kwa hiyo yote niliyosema juu yake huko juu yafute, na andikeni sifuri, kwa kalamu, kwa mkaa, kwa chochote, gari lije kesho. Nina wajawazito wawili ambao siku zao zimetimia. Ila nakuomba, mwanangu, nakuomba kama mama: siku ya kuiandika hiyo sifuri, Bi Ummkulthum asiwemo chumbani.